Maswali ya Wasomaji: Mfalme wa Amri Zote Aliyeshindwa na Kodi

Toleo lililopita tuliandika kidogo kuhusu Louis XIV na jumba lake la Versailles, basi barua zimemiminika, nyingine nzuri, nyingine za hasira, moja imeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho (ndugu, nimekusikia). Zote siziwezi. Nimechukua zile ambazo watu wengi wameuliza kwa namna tofauti tofauti, na ya kwanza nitakaa nayo sana maana hiyo ukishaielewa zingine zinajijibu zenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tunafundishwa kwamba wafalme wa kiimla wa Ulaya walikuwa na mamlaka yote, wamewekwa na Mungu, hawapingwi. Sasa ilikuwaje mfalme wa Ufaransa mwenye nguvu zote hizo aishiwe hela mpaka aitishe kikao cha kuomba msaada? Si angechukua tu? (Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako zito kuliko unavyodhani. Jibu fupi ni kwamba hakuweza kuchukua kwa sababu waliokuwa nazo ndo haohao aliowapa ahadi kwamba hatawagusa. Sasa njoo kwenye jibu refu.

Louis XIV alirithi kiti mwaka 1643 hajafikisha hata miaka 5. Bado yuko mtoto hivyohivyo mahakimu wa Paris na makabaila wakubwa wakaasi, hiyo vurugu inaitwa Fronde, 1648 mpaka 1653, na kuna usiku mmoja mwaka 1651 watu wa Paris waliingia mpaka chumbani kwake kuhakikisha mama yake hajamtorosha, mtoto yupo kitandani anajifanya kalala huku watu wanapita mmoja mmoja wanamchungulia. Kitu kama hicho hakimtoki mtu. Alipokua hakuwaua makabaila wala hakuwafukuza, aliwavuta karibu. Mwaka 1682 akahamishia makao ya ufalme Versailles, kama kilomita 20 hivi kutoka Paris, na kule kazi ya kabaila ikawa kugombania nani asimame karibu na mfalme. Jioni mfalme akienda kulala kuna mtu mmoja anapewa heshima ya kumshikia kinara cha mshumaa, basi watu wazima, wenye ardhi zao na vyeo vya jeshi, usingizi hauji kwa sababu leo kinara kapewa fulani.

Na msidhani mambo haya yaliisha na yeye. Karibu miaka 100 baadaye mhudumu wa Marie Antoinette (mke wa mfalme Louis XVI), Madame Campan, ameandika kumbukumbu ya asubuhi moja ya baridi malkia kavua nguo zote anasubiri kuvishwa shumizi. Campan kaishika tayari. Akaingia mama mwenye cheo kumzidi, akavua glovu, akaichukua yeye. Mlango ukakwaruzwa (kule mlango haugongwi, unakwaruzwa), akaingia mke wa mtawala wa Orléans, huyo ni wa damu ya kifalme, kwa hiyo haki ya kumvisha malkia inahamia kwake, ila hawezi kupokea moja kwa moja kutoka kwa yule mama, shumizi lazima irudi kwanza kwa Campan ndo Campan ampe. Mlango tena, mke wa mdogo wake Louis XVI huyo, na yeye yuko juu ya yule wa Orléans! Muda wote huo malkia kasimama kajikumbatia kwa baridi, na aliyemvisha mwisho alikuwa na haraka mpaka akamvuruga nywele. Malkia akacheka, lakini Campan anasema alimsikia ananung'unika chinichini kwamba ni karaha tupu. Sasa hapo jiulizeni nani anamtawala nani.

Turudi kwenye hela. Makabaila waliacha kuasi, sawa, ila si bure. Walibaki na misamaha yao. Kodi kuu ya moja kwa moja iliitwa taille, kabaila halipi. Kanisa lina ardhi kibao, nalo halilipi, linatoa "zawadi ya hiari" kwa kiasi ambacho lenyewe limekubali. Miji mingi mikubwa nayo ina msamaha wake. Mfanyabiashara naye akitajirika anafanyaje, ananunua cheo serikalini, maana vyeo vilikuwa vinauzwa waziwazi, na vyeo vya juu vinakuja na ukabaila na ukabaila unakuja na msamaha wa kodi. Yaani mfalme alikuwa anauza msamaha wa kesho apate hela ya leo! Wanaobaki kubeba mzigo ni wakulima.

Chumvi ndo ilikuwa kichekesho kabisa. Kodi yake, gabelle, ilitofautiana mkoa na mkoa, Bretagne hawalipi, majirani zao wanalipa kodi kubwa, na kwenye mikoa ya kodi kubwa kila mtu aliyezidi miaka 8 analazimishwa kununua kipimo fulani kwa mwaka, anaitaka chumvi hiyo hajaitaka shauri yake. Magendo yakashamiri, watu wakafunza mpaka mbwa kubebeshwa chumvi kuvuka mpaka usiku, na ukikamatwa na silaha unaweza kuishia kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme.

Kwa mfumo huo Ufaransa ikapigana vita baada ya vita. Ya mwisho ni ile ya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza kuanzia 1778, walishinda, na mfuko ndo ukapasuka. Bajeti ya 1788 kama nusu ya matumizi yote ilikuwa inaenda kulipa madeni na riba. Matumizi ya nyumba ya kifalme, zile nguo na karamu zote mnazosikia, ni kama asilimia 6 tu. Calonne, waziri wa fedha, alimwambia Louis XVI ukweli mwaka 1786, akapendekeza kodi ya ardhi ambayo kila mwenye ardhi analipa bila kuangalia cheo. Mwaka uliofuata wakaitwa wakubwa 144 waibariki, wakaikataa. Mahakama kuu, parlement, ambazo amri ya mfalme lazima iandikishwe kwao kwanza, nazo zikagoma. Agosti 1788 serikali ikasimamisha sehemu ya malipo. Ndipo likaitishwa Baraza la Matabaka Matatu (kanisa, makabaila, na la tatu watu wengine wote), likakaa tarehe 5 Mei 1789, na mara ya mwisho lilikuwa limekaa mwaka 1614! Hakuna mtu hai aliyekuwa anakumbuka utaratibu wa kupiga kura, ikabidi wakapekue makaratasi ya miaka 175 iliyopita. Kwa hiyo mwanangu kwenye mtihani usiandike tu "mfalme alitumia hela vibaya", andika alishindwa kumtoza tajiri.

SWALI: Ni kweli Louis XIV alisema "Dola ni mimi"?

JIBU: Hakuna ushahidi. Wanasema alilitamka mbele ya mahakama ya Paris mwaka 1655, ila kumbukumbu za kikao hazina maneno hayo. Kilichoandikwa na mtu aliyekuwepo ni maneno yake akiwa kitandani anakufa, 1715, baada ya miaka 72 ya utawala, kwamba yeye anaondoka ila dola itabaki. Ambayo ukiitazama vizuri ni kinyume kabisa cha ule msemo.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi linalonisumbua ni hili, Waingereza walimkata mfalme wao kichwa zaidi ya miaka 140 kabla ya Wafaransa, lakini mpaka leo wana mfalme, Wafaransa hawana. Inakuwaje?

JIBU: Nzuri. Hili swali ningekuwa napata hela kila ninapoulizwa ningeshastaafu. Charles I alijaribu huohuo uimla, akatawala bila Bunge kuanzia 1629 mpaka 1640, na kwa kuwa kodi mpya bila Bunge haziruhusiwi akachimbua kodi ya zamani ya meli, ambayo kawaida inatozwa watu wa pwani wakati wa hatari, akawatoza mpaka watu wa bara na vita hakuna. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe 1642, akashindwa, akashtakiwa, na tarehe 30 Januari 1649 akauawa London hadharani. Asubuhi ile ilikuwa baridi kali, akaomba avae shati mbili asije akatetemeka watu wakasema anaogopa.

Kisha ikaja jamhuri ya Cromwell, watu wakaichoka, 1660 wakamrudisha mtoto wa Charles I. Kwa hiyo kukata kichwa pekee hakukumaliza kitu. Kilichomaliza ni 1688 na 1689, mfalme James II alipokimbia na Bunge likamkaribisha William kutoka Uholanzi kwa masharti: hakuna kodi bila Bunge, hakuna jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge, husimamishi sheria kwa matakwa yako. Mfalme akabaki, meno kang'olewa.

Na hapa ndo pale nilipomwambia yule mwanafunzi. Mwaka 1694 ikaanzishwa Benki ya Uingereza, mtu akiikopesha serikali anajua nyuma yake kuna Bunge, na waliomo bungeni ndo haohao matajiri wanaokopesha na kulipa kodi, kwa hiyo riba ikashuka. Karne ya 18 Mwingereza wa kawaida alikuwa analipa kodi kubwa kuliko Mfaransa, msikie vizuri, kubwa kuliko, lakini hakupindua serikali. Mfalme aliyefungwa mikono alikopesheka, yule wa amri zote wakopeshaji wanamwogopa kwa sababu akiamka vibaya anaweza kukataa deni na hakuna wa kumshtaki. Mfalme ambaye hana hamu ya hela ya watu wengine ndo anaachwa avae taji lake kwa amani.

SWALI: Nimesoma makala yako na sijaridhika. Unaongelea kodi, kodi, kodi. Mapinduzi ya Ufaransa yaliletwa na FIKRA. Bila Voltaire, Montesquieu na Rousseau kusingekuwa na chochote. Wewe unaidharau elimu. (Msomaji wa muda mrefu)

JIBU: Huyu ndo wa herufi kubwa, nimezipunguza kidogo. Kaka, sidharau. Tuongee taratibu.

Hawa jamaa wa Zama za Mwangaza, yaani waandishi wa karne ya 18 waliotaka akili na hoja zitangulie mila, wengi wao hawakutaka mapinduzi hata kidogo. Mchukulie Voltaire. Mwaka 1726 alikorofishana na kabaila mmoja, Rohan, wakarushiana maneno kuhusu majina yao, baada ya siku chache Voltaire yupo kwenye chakula nyumbani kwa mtu mkubwa, akaitwa nje, akashushiwa kipigo na watumishi wa Rohan, mwenyewe yupo kwenye gari la farasi anasimamia zoezi. Akarudi ndani kuomba wenzake waliokuwa wanacheka naye mezani wamsaidie, hakuna aliyeinuka. Akataka kupigana na Rohan ana kwa ana, akatupwa yeye gereza la Bastille, akaachiwa kwa sharti aende Uingereza. Kule mwaka 1727 akaona Newton, mtu wa hesabu, anazikwa Westminster Abbey kwa heshima kama mfalme. Ukitaka kujua hasira ya Voltaire ilitoka wapi ni hapo, kati ya zile fimbo na yale mazishi. Lakini alichokitaka ni uhuru wa kusema na sheria inayomgusa hata Rohan, sio mkulima atawale. Huyohuyo alienda kuishi na Frederick II wa Prussia miaka ya 1750 mpaka 1753, wakagombana wakaachana.

Montesquieu mwaka 1748 akatoa hoja kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wasiwe mkono mmoja, na yeye mwenyewe ni kabaila aliyewahi kukalia kiti cha ujaji alichorithi kwa kaka wa baba yake! Rousseau tu ndo aliyekuwa mkali, mwaka 1762 akaandika kwamba mamlaka ni ya watu wote na mtu kazaliwa huru ila kila mahali yuko minyororoni, Geneva alikozaliwa wakakichoma kitabu.

Serikali nayo haikuwa ukuta mmoja. Ensaiklopidia ya Diderot na d'Alembert, iliyoanza kutoka 1751, ilipopigwa marufuku kwa muda, aliyetakiwa kukamata miswada ni Malesherbes, mkuu wa ukaguzi wa vitabu. Akamtumia Diderot taarifa mapema, na Diderot aliposema sina pa kuficha mizigo yote hii, Malesherbes akamwambia ilete kwangu! Mkaguzi ndo ghala. (Mzee huyohuyo baadaye alijitolea kumtetea Louis XVI kwenye kesi, akapoteza kichwa chake mwaka 1794. Mimi kwenye historia hii yote ndo mtu wangu.)

Sasa nani alikuwa anasoma? Vitabu vizito vilikuwa ghali. Vingine viliingia kwa magendo kutoka Uswisi na Uholanzi, na wauzaji walikuwa na lugha yao ya kificho, wakisema "vitabu vya falsafa" humo wanachanganya Voltaire na hadithi chafu za chumbani, mzigo mmoja. Mkulima hakusoma hayo. Mkulima alikuwa na njiwa. Ndio, njiwa! Kufuga njiwa kwenye mnara ilikuwa haki ya bwana mwenye ardhi, wale njiwa wanashuka shambani wanakula mbegu, na mkulima haruhusiwi kuwaua. Mwaka 1789 kabla ya Baraza kukaa kila eneo liliandika orodha ya malalamiko, soma zile orodha, utakutana na chumvi, njiwa, na ada za kulazimishwa kusaga kwenye kinu cha bwana, Rousseau kumuona ni kwa nadra. Na usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Bunge lilipoanza kuvunja haki za ukabaila, hata njiwa wametajwa, kwamba kwa majira yatakayopangwa wafungiwe, wakikutwa nje mtu ana ruhusa ya kuwaua shambani kwake.

Ongeza mkate. Mavuno ya 1788 yaliharibika, Julai mvua ya mawe iliyopiga mashamba mengi kwa siku moja, na mwanzoni mwa 1789 mkate wa kama kilo 2 Paris ulipanda kutoka sou 8 au 9 mpaka 14 na nusu, kibarua analipwa sou 20 mpaka 30 kwa siku. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nakubali nusu. Njaa na deni ndo viliwakalisha watu kwenye ule ukumbi. Walipokwishakaa, wakatafuta maneno ya kusema, na maneno yalikuwa tayari yameshaandikwa. Tabaka la Tatu tarehe 17 Juni wakajiita Bunge la Taifa, siku tatu baadaye wakakuta ukumbi umefungwa wakahamia kwenye ukumbi wa kuchezea tenisi, wakala kiapo hawatatawanyika mpaka nchi ipate katiba. Hilo la katiba hulipati kwenye njiwa, hapo nakupa Montesquieu na Rousseau wako. Tusameheane.

SWALI: Marie Antoinette na keki zake jamani, ni kweli?

JIBU: Hapana. Maneno ya "kama hawana mkate wale brioche", ule mkate wa siagi na mayai, Rousseau aliyaandika akimtaja binti mfalme asiyemtaja jina, na alipokuwa anaandika Marie Antoinette ni mtoto mdogo yuko Vienna, Ufaransa aliletwa 1770 kuolewa. Alikuwa na makosa yake ya kweli, hilo mwondoleeni.

SWALI: Naambiwa Bastille ilipovamiwa ilikuwa na wafungwa 7 tu. Sasa sherehe zote hizo za tarehe 14 Julai ni za nini?

JIBU: Saba kweli. Wanne wa kughushi hati za malipo, wawili wagonjwa wa akili, mmoja kabaila aliyefungwa kwa ombi la familia yake. Ila waliovamia hawakufuata wafungwa, walifuata baruti. Asubuhi ile walishachukua bunduki maelfu kwa maelfu kutoka Invalides, nyumba ya wanajeshi wazee pale Paris, bunduki bila baruti ni fimbo, na mapipa 250 ya baruti yalikuwa yamehamishiwa Bastille. Ndani kuna wanajeshi wazee 82 na Waswisi 32. Kufika jioni washambuliaji kama 98 wamekufa, ngome imejisalimisha, na mkuu wake de Launay kauawa njiani. Louis XVI siku hiyo kwenye daftari lake kaandika "Hakuna kitu", watu wanamcheka mpaka leo, ila lile lilikuwa daftari la mawindo, maana yake hakuua mnyama.

Mimi kwangu siku kubwa zaidi ni tarehe 5 Oktoba mwaka uleule, wanawake wa masoko ya Paris walipotembea kwenye mvua mpaka Versailles na mizinga wakidai mkate, kesho yake wakarudi na mfalme, mkewe na mtoto, njiani wanaimba kwamba wamemleta mwokaji, mke wa mwokaji na mtoto wa mwokaji. Tangu siku hiyo Versailles ikaisha. Ule mtego wote wa vinara na shumizi, wauza samaki wameuvunja kwa siku mbili.

SWALI: Habari Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu na nasoma nikishawalaza. Hilo Tamko la Haki za Binadamu la 1789 linasema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Na wanawake? Na watumwa? Au walikuwa wanaongea kwa ajili yao tu.

JIBU: Salama dada, pole na kazi. Umeshika penyewe, walikuwa wanaongea kwa ajili yao, halafu maneno yakawaponyoka.

Kwa wanawake, Olympe de Gouges mwaka 1791 alilichukua lile Tamko ibara kwa ibara akaliandika upya kwa jina la mwanamke, na humo anasema kama mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, basi awe na haki pia ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Tarehe 3 Novemba 1793 akapandishwa lile la kwanza. Kura wanawake wa Ufaransa walipata 1944.

Kwa watumwa, ukitaka kuona unafiki wa Mwangaza nenda Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti. Karibu watu 500,000 wametiwa utumwani, sehemu kubwa ya sukari na kahawa ya Ulaya inatoka hapo, na bandari za Ufaransa zinatajirika. Hata John Locke wa Uingereza, mwalimu wa uhuru wa asili, aliwahi kuwa na hisa kwenye kampuni ya kifalme iliyouza watu. Lile Tamko lina ibara 17. Ya kwanza inasema watu wanazaliwa huru na sawa, ya mwisho inasema mali ni haki takatifu. Basi wenye mashamba wakashika ya mwisho, kwamba mtumwa ni mali yangu, na Bunge la Paris likawa linazunguka zunguka miaka miwili lisijue lisimame wapi.

Agosti 1791 watumwa wenyewe wakaamua, wakawasha moto mashamba ya miwa ya kaskazini. Wakati Paris wanafuta utumwa, 4 Februari 1794, tayari umeshafutwa kule kisiwani kwa nguvu ya waasi, na mle ukumbini amekaa mbunge Jean-Baptiste Belley, aliyezaliwa Senegal akauzwa mtoto, akajinunua mwenyewe. Kwangu hicho kiti kimoja kina uzito kuliko hotuba zote za Robespierre, kiongozi wa mapinduzi.

Halafu akaja Napoleon. Mwaka 1802 akarudisha utumwa kwenye makoloni, akatuma jeshi, akamkamata Toussaint Louverture kwa hila na kumfungia kwenye ngome ya baridi milimani, akafia humo Aprili 1803. Jeshi lenyewe likaishia kushindwa na wapiganaji na homa ya manjano, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Sasa dada sikiliza na hili, mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka meli za kivita kudai faranga milioni 150 za fidia, fidia ya wenye mashamba waliopoteza "mali". Ikapunguzwa baadaye mpaka milioni 90, lakini kuilipa Haiti ilikopa kwenye benki za Paris, na mikopo iliyotokana na deni hilo iliendelea kulipwa mpaka 1947. Ibara ya 17 ilikusanya pesa yake.

SWALI: Na wale wafalme waliokuwa wanasoma vitabu vya Mwangaza, kama Catherine wa Urusi, walibadilika?

JIBU: Kiasi. Frederick wa Prussia alipoingia tu 1740 alizuia karibu mateso yote ya kuwatoa watu maneno, Joseph II wa Austria aliwalegezea wakulima minyororo 1781. Catherine alinunua maktaba ya Diderot 1765, akamwachia vitabu na kumlipa mshahara wa kuvitunza, akaandika maelekezo ya sheria mpya akinakili sana kwa Montesquieu. Wakulima wake wakabaki mali ya mabwana, wakaasi chini ya Pugachev 1773, akawazima. Inasimuliwa alimwambia Diderot kwamba wewe unaandika kwenye karatasi, inavumilia kila kitu, mimi naandika kwenye ngozi ya watu.

SWALI: La mwisho la utani. Aliyebuni guillotine si ndo naye alikatwa nayo?

JIBU: Hilo nalo uongo. Daktari Guillotin hakuibuni, alipendekeza tu mwaka 1789 kwamba kila anayehukumiwa kifo afe kwa namna moja, maana zamani kabaila anakatwa kwa upanga na mnyonge ananyongwa, yaani hata kufa kulikuwa na daraja. Mashine ilisanifiwa na daktari mwingine, Antoine Louis, ikatengenezwa na fundi wa vinanda Mjerumani, ikatumika mara ya kwanza Aprili 1792 kwa mwizi. Guillotin alikufa kwa ugonjwa kitandani kwake 1814. Mashine ilimzidi umri sana, Ufaransa waliitumia mara ya mwisho 1977.